Muyembe ako wapi ndani ya "et al."?

Wandugu, leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakifanyaga usiku wa mwisho kabla ya kuweka kazi: marejeo. Ile orodha ya kurasa za mwisho, majina, miaka na kurasa, mkato hapa, nukta pale. Nitasema hasa juu ya makala zinazotumwa kwa majarida ya udaktari, na najua kuna atakayeuliza: agronome anatafuta nini kwa waganga? Chakula na ugonjwa vinakaaga nyumba moja. Mwenye kusoma muhogo mchungu atakutana na konzo, mwenye kusoma mahindi yaliyohifadhiwa vibaya atakutana na aflatoksini, na siku moja jina lake litaingia mu makala ambayo daktari ndiye anaituma. Siku ile atashangaa, juu ile namna aliyofundishwa kwetu agronomia, jina na mwaka ndani ya mabano, huko haipiti. Huko ni nambari.

Lawama yangu ina pande mbili. Ya kwanza: tunafundishwa marejeo sawa vile mtoto anafundishwa kuvaa siku ya sherehe, shati iingie ndani, kola inyooke. Juri inahesabu mikato. Hakuna anayeuliza kama makala nambari 12 inasema kweli kile ambacho sentensi yetu inadai. Ya pili: sheria zenyewe zina upungufu, na upungufu mmoja unatugusa sisi Wakongomani kuliko wengi, lakini hakuna mwalimu aliyenieleza kwa miaka yote niliyokaa auditoire.

Tuanze na pale sheria zilipotoka. Mwezi wa kwanza 1978, wahariri wachache wa majarida ya udaktari ya Kiingereza walikutana Vancouver, kule Kanada. Shida yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Mwandishi akikataliwa na jarida moja, kabla ya kujaribu lingine alipaswa kupiga upya kurasa nzima na mashine ya kuandika, juu kila jarida lilitaka marejeo yapangwe kwa namna yake. Wakakubaliana namna moja, muundo wa marejeo ukatengenezwa pamoja na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na 1979 ikachapishwa. Njo maana mpaka leo tunasemaga "mtindo wa Vancouver". Lile kundi lilikua, leo linaitwa ICMJE, na majarida mengi ya tiba duniani yanasema yanafuata mapendekezo yake.

Basi, wazo la mwanzo lilikuwa huruma kwa mwandishi. Angalia kilichofuata. Mifano ya ICMJE inataka majina sita ya kwanza, kisha "et al.", Kilatini cha "na wengine". New England Journal of Medicine, ambalo ni mwanachama wa kundi lilelile, linasema kama waandishi wanapita sita, andika watatu tu. Jarida moja linataka nambari ndani ya mabano, lingine linataka nambari ndogo iliyopanda juu ya mstari. Moja linaweka nukta kisha ya jina la jarida, lingine halitaki. Mu 2019 watafiti walichapisha mu PLOS ONE uchunguzi uliouliza watu 372 wa nchi 41: kupanga sura ya makala moja, marejeo yakiwa ndani, kulikuwa kunakula kwa kawaida saa 14. Saa 14! Na wengi wa wale watu umeme hauwakatikiagi katikati ya ukurasa. Kwetu uongeze mega za kununua, na ule mwendo wa kurudi sekretaria mara tatu juu kijana wa mashine amefungua kazi yako na Word ya zamani na nambari zote zimeruka.

Lakini tusiitukane bure. Mtindo wenyewe, ukiuangalia vizuri, una akili. Chukua mstari huu: N Engl J Med 2019;381:2293-303. Jina la jarida limefupishwa, mwaka, nukta-mkato, nambari ya kitabu, nukta mbili, kurasa. Hata "303" ni 2303 iliyokatwa, juu mwanzo wa nambari umekwisha kuonekana. Mtu wa maktaba popote duniani, hata hajui Kiingereza, anaweza kwenda moja kwa moja kwa rafu na kurudi na ile makala. Na ndani ya maandishi, nambari ndogo haikatizi sentensi, wakati kwetu agronomia unaweza kukuta mabano yenye majina matano na miaka mitano, msomaji amesahau kitenzi kilikuwa wapi. Mimi napenda nambari.

Hatari yake ni ya kiufundi. Nambari zinafuata mwendo wa kutajwa: cha kwanza kutajwa ni 1, kinachofuata ni 2, na kikitajwa tena baadaye kinabaki na nambari yake. Mwalimu akisema "ongeza chanzo kimoja mu utangulizi", kila kitu nyuma yake kinasogea. Mwenye kupanga kwa mkono atasahau moja, na kuanzia pale nambari 14 inaelekeza kwa makala ya malaria wakati sentensi inazungumza juu ya utapiamlo. Hakuna mkato uliokosewa, juri haitaona. Zotero inafanya hiyo kazi yenyewe, ni ya bure, na ikiisha kuingia mu mashine inapanga hata bila mega. Sielewi kwa nini bado kuna fakulte ambako mwanafunzi anamaliza miaka mitano bila hata kuisikia.

Sasa tuje kwa ile upande inayoniuma. Ule mstari wa 2019 sikuuchukua bure. Ni makala ya jaribio la dawa za Ebola lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia mwezi wa 11 2018 mpaka mwezi wa 8 2019, kwa wagonjwa 681. Dawa nne zilipimwa, mbili zikaonekana zinaokoa zaidi, na moja ya zile mbili, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Jaribio liliitwa PALM. Wengi wanafikiri ni neno la Kiingereza, mti ule wa mafuta. Hapana: ni Pamoja Tulinde Maisha. Kiswahili chetu, kimefupishwa.

Andika sasa rejeo la makala hii kwa mtindo wa majina sita: Mulangu S, Dodd LE, Davey RT Jr, Tshiani Mbaya O, Proschan M, Mukadi D, et al. Sabue Mulangu, Mkongomani, ndiye wa kwanza, na hilo ni jambo kubwa, kila anayetaja makala hii anataja jina lake. Wakongomani wengine wawili wanaonekana pia. Lakini orodha kamili ina majina zaidi ya 15, na wa mwisho kati yao, mbele tu ya jina la kundi, ni Jean-Jacques Muyembe-Tamfum. Mu makala za udaktari nafasi ya mwisho si ya mkia. Kwa kawaida ni nafasi ya mkubwa, mwenye kubeba kazi. Mtu aliyekwenda Yambuku 1976, wakati ugonjwa haujapata hata jina, ameingia ndani ya "et al." Na kama jarida unalotuma linataka majina matatu tu, wanabaki Mulangu, Dodd na Davey: Mkongomani mmoja na Wamarekani wawili. Lusakibanza, Nzolo, Tshomba, wote wamezama mu herufi nne na nukta moja.

Najua jibu: nafasi ya karatasi. Jibu lilikuwa la haki 1979. Leo majarida mengi yanasomwa kwa simu, na mstari wa ziada hauongezi wino. Maktaba ya Marekani yenyewe inaruhusu kuandika waandishi wote. Kwa hiyo jarida linalokata kwa watatu linakata kwa mazoea, na desturi hiyo inauma zaidi kazi za watu wengi, zile zinazofanywa na timu kubwa mu nchi kama yetu, ambamo mwenyeji anawekwa mara nyingi katikati ya orodha. Katikati njo mahali kisu kinapita.

Kisha kuna majina yenyewe. Mtindo unataka "jina la ukoo" kisha herufi za kwanza za majina mengine. Sawa kwa Dodd LE. Kwa Mkongomani? Sisi tuko na nom, postnom, prénom, na postnom wengi wetu tulirithi desturi yake tangu Mobutu alipofuta majina ya Kikristo 1972. Postnom si ukoo, si jina la ubatizo. Kuna mashine inayoichukua kama jina la katikati na kuifanya herufi moja, kuna inayoiunga na nom kwa kistari, kuna inayogeuza yote juu mbele. Hata mkubwa wetu mwenyewe utamkuta mu hazina ya PubMed mara kama Muyembe JJ, mara kama Muyembe-Tamfum JJ. Yeye anajulikana, tutamtambua popote. Wewe mwenye makala moja na nusu, ukigawanywa mu watu wawili, hakuna atakayekuunganisha.

Tuache majina, tuje kwa lile la kwanza nililosema, rejeo lililopangwa vizuri lakini halisemi kile linachosemeshwa. Mfano mkubwa ninaoujua hauko Afrika. Tarehe 10 Januari 1980, New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Sentensi tano, haipiti aya moja. Walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za maumivu, za jamii ya morfini, wakiwa hospitalini, walipata wanne tu walioonekana wamekuwa watumwa wa ile dawa. Wakiwa hospitalini: kumbuka hayo maneno. Mgonjwa kitandani, muuguzi anahesabu vidonge.

Rejeo lake ni zuri kuangalia: N Engl J Med 1980;302:123. Fupi, safi, jarida kubwa. Mwaka 1996 OxyContin ikaingia sokoni Marekani, na ile barua ikawa ushahidi kwamba mtu anaweza kupewa hizo dawa kwa miezi, nyumbani kwake, bila hatari. Mu 2017 watafiti wa Kanada walihesabu: barua ilikuwa imetajwa mara 608. Zaidi ya asilimia 72 waliitaja kama ushahidi kwamba utumwa wa dawa ni nadra, na karibu asilimia 81 hawakusema kwamba wale wagonjwa walikuwa hospitalini. Wakati huo Marekani ilikuwa inazika watu maelfu kila mwaka. Jarida likaweka onyo juu ya ukurasa wa barua. Kwa mtindo wa Vancouver, karibu kila mmoja wa wale 608 angepata alama zote. Kusoma barua yenyewe kungewachukua dakika moja.

Na kuna kichekesho. Kampuni kubwa ya uchapishaji Elsevier ilikuwa inatoa mfano kwa waandishi wa namna ya kupanga rejeo. Mfano ulikuwa makala ya mtu anayeitwa Van der Geer juu ya "ufundi wa kuandika makala ya kisayansi", mwaka 2000, na jarida, na kurasa. Makala ile haikuwapo, jarida lenyewe halikuwapo. Ilikuwa ni mfano tu, sawa vile kwa fomu wanaandikaga "jina lako hapa". Mu 2017 Anne-Wil Harzing, profesa wa London, alieleza namna makala hii ambayo haipo ilikuwa imetajwa karibu mara 400. Watu walichukua karatasi ya mfano, wakasahau kufuta mstari, na hakuna mhakiki aliyefungua kuangalia.

Cheka, lakini angalia kinachofanyika leo mu simu zetu. Mwanafunzi anauliza programu ya akili bandia: nipe marejeo kumi juu ya utapiamlo Kivu Kusini, mtindo wa Vancouver. Programu inatoa kumi, nukta-mkato mahali pake, kurasa zimekatwa vizuri, majina yanafanana na ya kweli. Kati ya yale kumi kunaweza kuwa makala ambazo hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Juri inayohesabu mikato itayasifu. Mashine imejifunza kile tunachopimaga. Hapo ndipo siwezi kukubaliana na wale wakubwa wanaosema shida ni vijana wavivu tu: mtihani wenyewe umeacha mlango wazi.

Nirudi kwa muhogo. Kila makala juu ya konzo inaanza na Trolli, 1938. Giovanni Trolli, mganga Mwitaliano mu Kongo ya Wabelgiji, alikusanya ripoti za ule ugonjwa wa kupooza miguu kule Kwango, zikachapwa Bruxelles. Kichwa cha kitabu kinasema wazi kwamba chanzo cha ugonjwa hakijajulikana. Leo tunajua unafungamana na muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha na chakula chenye protini kidogo. Sasa, ni nani kati ya wanafunzi wanaomweka Trolli mu orodha yao amewahi kuona kile kitabu? Wamekiona mu orodha ya mwingine, wakafanya kopi-kole, kosa la tahajia likiwa ndani yake. Sheria hapo haina fumbo: taja ulichosoma. Kama umemjua Trolli kupitia makala ya 2002, nambari iende kwa makala ya 2002, na ndani ya sentensi useme ni nani aliyemtaja Trolli. Orodha itakuwa na mzee mmoja pungufu, na itakuwa ya kweli.

Kinyume chake kipo pia, na kwangu ni hasara kubwa zaidi. Mu bureau central ya kila zone de santé kuna ripoti za miaka. Mu maktaba za vyuo vyetu kuna memwari na TFC zenye vipimo vya vijiji ambavyo hakuna mgeni amefika. Mwanafunzi anazisoma, anachota humo, kisha hazitaji, juu "haina DOI, sijui namna ya kuiandika". Anaweka makala ya Ulaya badala yake, yenye kuzungumza juu ya kijiji kingine kabisa. Njia ya kuziandika ipo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imeweka bure kwa intaneti kitabu kizima, Citing Medicine cha Karen Patrias, cha 2007, chenye namna ya kutaja thesis, ripoti za ofisi, hata barua ambayo haikuchapishwa. Mwandishi, kichwa, aina ya kazi kati ya mabano ya mraba, mji, chuo, mwaka. Kichwa kikiwa cha Kifaransa, unakiacha kama kilivyo, au unaweka tafsiri ndani ya mabano ya mraba na mwisho unaandika lugha yake. Mhariri atapokea. Nimeona kazi za wandugu zimepokelewa na marejeo matatu ya namna hiyo ndani.

Kwa wanaotayarisha makala sasa hivi, nasema hivi. Mbele ya yote soma ukurasa wa maagizo ya jarida lenyewe, usiamini neno "Vancouver" peke yake. Siku hizi mengine yanakubali marejeo ya mtindo wowote kwa kutuma mara ya kwanza, na kwa haya usipoteze usiku. Jina lako lichague leo, kabla ya makala ya kwanza: kama unataka nom na postnom viende pamoja, viunge na kistari na usibadilishe tena, na ufungue nambari ya ORCID, ni bure, inafuata mtu hata kama jina limepindwa. Mukiwa timu, na jarida linakata kwa majina matatu, muulizane mapema nani atakaa katika yale matatu, msingoje siku ya kutuma kugombana. Angalia kama makala unayotaja haijafutwa. ICMJE inadai hivyo, na PubMed inaonyesha onyo juu kabisa ya ukurasa. Kisha fungua chanzo kimoja kimoja na utafute ndani yake ile sentensi unayoisemea. Kwa marejeo 30 ni kazi ya siku mbili. Mega zikiwa kidogo, anza na lile ambalo hoja yako kubwa imekalia.